Siku Tulipokifagia Kisiwa

Wenzangu mliosoma wakati kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, kaeni vizuri, maana habari hii vijana wa sasa hawataiamini hata ukiwaapia. Nazungumzia miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ilipoanza kumwagwa chini sokoni Tukuyu na kila mtu ghafla akawa na koti. Kabla ya hapo tulikuwa tunajuana kwa nguo. Ukiona gauni la maua mekundu linakuja kwa mbali, ulijua huyo ni mama Atupele, kwa sababu gauni lilikuwa lile lile tangu ubatizo wa Atupele. Ruksa ilipoingia ikabidi tuanze kutazamana usoni.

Kijiji chetu kiko kati ya Mpuguso na Masoko, upande ule ambako migomba inakuja mpaka mlangoni na mvua haijui maana ya likizo. Tulikwenda shule peku, daftari ndani ya mfuko wa nailoni ili lisilowe, mkono mmoja kidumu cha maji na mwingine ufagio. Asubuhi mchakamchaka, tunaimba mpaka sauti zinakauka, kisha kukaguliwa kucha, kisha usafi, na masomo yakipata nafasi nayo yalikuwepo. Mchana tulikula ndizi za kuchemsha zilizopoa, na parachichi lililonyunyiziwa chumvi. Haya maparachichi ambayo leo yanapanda ndege kwenda Ulaya yakiwa yamevishwa vikaratasi, sisi tulipigana nayo. Nimewahi kupigwa nalo shavuni na hakuna mzungu aliyenionea wivu.

Nyuma ya shule, mwendo wa kumaliza kutafuna pera moja, mto wetu unagawanyika mikono miwili kisha unakutana tena, na katikati unaacha kisiwa. Msifikirie kisiwa cha baharini. Hiki ni kidogo, unakizunguka kabla hujamaliza kuimba wimbo mmoja, na daraja lake lilikuwa gogo lililolala pale tangu sijazaliwa. Lakini kilikuwa chetu. Pale ndipo tulipocheza rede na kombolela, ndipo tulipofundishana kuogelea kwa kusukumana majini, na ndipo palipokuwa na mipera isiyo na mwenyewe, yaani ilikuwa ya yule aliyewahi.

Ardhi ya pale ilijaa vigae vya vyungu. Vingine vilikuwa na mistari midogo shingoni, imechorwa kwa mkono uliotulia, nasi tulivitumia kuchorea viwanja vya michezo yetu. Kulikuwa pia na mawe meusi, mazito, yenye vitundu kama andazi lililoungua. Hayo tulikuwa tunayarusha mtoni ili tusikie yanavyosema dumbwi. Nikipiga hesabu leo, mimi peke yangu nimetupa mtoni historia ya kutosha kujaza kabati la makumbusho.

Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea, hakupaita kisiwani. Alipaita kwa Bakinga, ndivyo kwetu tunavyowaita Wakinga wa milimani. Alikuwa anamenya ndizi jioni, kisu kinakwenda chenyewe, na maneno yanatoka polepole: "Zamani sana, kabla ya bibi yangu mimi, Bakinga walikuwa wanashuka milimani kule na mizigo yao. Wanafika pale katikati ya maji, wanafua majembe. Sisi tunawapelekea ndizi na mahalage, wao wanatupa jembe. Wakimaliza wanaludi kwao." Alisimulia bila kupandisha sauti, kama anayesimulia mambo ya jana. Watu wazima walimwitikia kwa adabu, kisha wakaendelea na mambo yao. Mimi nilipomuuliza mwalimu wetu wa historia, alinijibu kwamba jambo hilo halimo kwenye muhtasari.

Mwalimu huyo tumwite Ambakisye. Alikuwa mwembamba, suruali yake ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata sabuni, na alikuwa na kazi mbili: kufundisha historia na kusimamia usafi wa shule. Kati ya hizo mbili, moyo wake ulikuwa kwenye usafi. Vita vya Majimaji alivimaliza kwa vipindi viwili, lakini namna ya kushika ufagio alitufundisha muhula mzima. Shule yetu ilichukua cheti cha usafi cha tarafa, akakitundika ofisini juu kabisa, karibu na picha ya Rais.

Basi ruksa ikafika mpaka kisiwani. Tajiri mmoja wa mjini, mwenye duka kule Ibighi na gari ambalo redio yake ilisikika kabla ya injini, alikuja siku moja na viatu vyeupe, akavushwa gogo kwa kushikwa mikono yote miwili, akatazama huku na huku, akasema hapa patafaa baa. Vibanda vya nyasi, nyama choma, dansi kila Jumamosi. Mipera itakatwa ipishe jiko. Mkutano wa kijiji ulifurahi, kwa sababu wakati huo baa yenye jenereta ilikuwa ndiyo maendeleo yenyewe. Sisi watoto hatukuulizwa. Bibi yangu peke yake ndiye aliyesimama, akauliza, "Na kwa Bakinga je?" Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Jioni ile Bibi alipika, akabakiza chakula kwenye sahani, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akibakiza chakula maisha yangu yote.

Mwenyekiti wa kijiji hakupenda kulala na lawama ya mtu wa umri wa mama yake, akaenda kuuliza wilayani. Akarudi na sharti. Kulikuwa na wataalamu wa mambo ya kale kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, wanapita wakiandika sehemu za zamani za wilaya yetu, na wiki ile walikuwa upande wa Ziwa Masoko. Wangekuja kwetu siku mbili, si zaidi. Wakiandika kwamba kisiwa ni mahali pa historia, kinabaki kama kilivyo. Wasipoandika, tajiri anaanza kufyeka Jumatatu. Likaisha hilo.

Tulitangaziwa paredi. Mwalimu Ambakisye alipanda juu ya jiwe lake, akakohoa, akasema kwamba wageni wazito kutoka chuo kikuu wanakuja kutazama kisiwa chetu, na kwamba jina la shule liko mikononi mwetu. Kisha akasema maneno ambayo kwa mwalimu yeyote wa wakati ule yalikuwa sahihi kabisa: "Sitaki mgeni akanyage uchafu. Kesho wote na fagio, mafyekeo na ndoo. Kisiwa kiwe kama sahani!"

Enyi wasomi mnaonisoma, najua mmeshashika vichwa. Sisi tulishangilia.

Kwanza alikipima. Darasa la tano na la sita tulikata vigingi, tukavuta kamba za katani, na kisiwa chote kikagawanywa miraba, hatua nane kwa hatua nane, kila mtoto na eneo lake. Akaandika daftarini: eneo la Atupele, eneo la Lugano, eneo la Bupe, ambaye ndiye mimi. Kisha kazi ikaanza. Majani yakafyekwa, ardhi ikafagiwa mpaka ikawa na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Vigae vyote viliokotwa, vikapelekwa mtoni, vikasuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka vikang'aa, vikapangwa vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo. Mawe meusi yakakusanywa rundo moja mbali, kwa kuwa yalionekana hayana adabu mbele ya wageni.

Na Atupele, rafiki yangu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, akapata wazo. Mwajua jinsi shule zetu zilivyopenda kuandika maneno chini kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Pale mbele, mtu akishuka tu kwenye gogo, Atupele alipanga vigae mia na kitu kwa herufi kubwa: KARIBUNI WAGENI WETU. Halafu tukavipaka chokaa. Vyote. Ile mistari midogo ya shingoni ikapotea ndani ya weupe kama haijawahi kuwepo. Mwalimu alipoiona alisimama akiwa na mikono nyuma, na nadhani alikuwa anatafuta pa kutundika cheti cha pili.

Sasa nitubu. Eneo langu mimi lilikuwa mkiani mwa kisiwa, chini ya mipera, limejaa nyasi zinazowasha na udongo ulioshikana. Nilianza kwa nia njema. Nilifyeka ukanda wa mbele unaoonekana kutoka njiani, nikaufagia vizuri sana. Kisha nikaona pera limeiva. Kula pera kunahitaji kukaa. Kukaa kukanifanya nione kwamba lile jingine limeiva zaidi. Alasiri ilipofika nilikuwa nimeshiba na eneo langu limebaki kama Mungu alivyoliacha, kwa hiyo nikakata majani ya mgomba na matawi ya mipera, nikayalaza juu vizuri, mtu akipita aone ni takataka iliyokusanywa inasubiri kutupwa. Vijana wa leo wakitaka kukwepa kazi wanasema simu imeisha chaji. Sisi kukwepa kazi kulihitaji ufundi.

Mvua ikapiga, tukatawanyika mbio. Kesho yake asubuhi daftari la ukaguzi lilikuwa na alama ya vema kwenye kila eneo, langu pia. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba nimemshinda Mwalimu Ambakisye, jambo ambalo hata kaka zangu walikuwa hawajaliweza.

Wataalamu walikuwa wawili. Kiongozi wao alikuwa mwanamke, Dada Rehema, na alivaa suruali. Nawaomba muelewe uzito wa habari hiyo. Nusu ya kijiji ilikuja kuona vitu vya kale na nusu ilikuja kuona suruali. Mwenzake, kijana mpole, alibeba dira, utepe wa kupimia na ubao wenye karatasi za miraba midogo. Bibi naye alikuja, amevaa kitenge chake cha kanisani, na chupa ya maziwa ya mgando kwa ajili ya wageni. Tulisimama mistari miwili, tukaimba wimbo wa kuwapokea. Dada Rehema akavuka gogo bila kushikwa mkono, akainua uso akitabasamu, akaona KARIBUNI WAGENI WETU.

Alisimama. Akachuchumaa, akaokota kigae kimoja cha herufi K, akakikwangua kwa ukucha. Chokaa ikatoka kidogo, mstari ukaonekana. Akatazama ardhi iliyochanwa, akatazama marundo, akatazama ule mto, kisha akakaa chini na suruali yake, akavua kofia. Sisi tukadhani amezidiwa na furaha. Tukaongeza ubeti.

"Mwalimu," alisema wimbo ulipokwisha, na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi cha kutisha, "vitu hivi mmevitoa wapi?"

"Humu humu, mtaalamu," Mwalimu akajibu kwa fahari. "Kisiwa kizima. Tumekusanya vyote, hatujaacha."

Dada Rehema akatueleza, na nitamshukuru daima kwamba hakufoka. Alisema kigae kikilala pale kilipodondoka kinaongea: kinasema hapa palipikwa, hapa palilalwa, hiki ni cha zamani kuliko kile kwa sababu kiko chini yake. Ukikiinua na kukiosha na kukipanga na wenzake, kinanyamaza. Ni kama mtu kaja na maneno, ukimuuliza nani kayasema, wapi na lini, hajui. Nilimwona Mwalimu Ambakisye akishika mkunjo wa suruali yake kwa vidole viwili, akiuachia, akiushika tena.

Walijaribu. Tuliitwa mmoja mmoja tuseme kila kigae kilitoka wapi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu kila mtoto alitaka kile kikubwa kiwe kimetoka kwake. Chungu kimoja kilivunjikia katika maeneo kumi na moja. Lugano aliapa kwa jina la mama yake kwamba rundo lote la mawe meusi ni lake. Mpaka saa sita yule kijana mpole alikuwa ameandika, amefuta na ameandika tena, karatasi ikatoboka. Dada Rehema aliyapenda yale mawe meusi kuliko vyote. Alituambia ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki chuma kinapofanyiwa kazi motoni, nasi tukacheka mpaka viranja wakatutuliza.

"Mimi niliwaambia," Bibi akasema. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, chupa ya maziwa mapajani. "Bakinga walifua majembe pale. Hakuna anayesikia."

"Mimi nakuamini, bibi," Dada Rehema akamjibu, akapiga goti mbele yake kama mtoto wa kwetu kabisa. "Lakini nikiandika hivyo wenzangu wataniuliza: umeona wapi moto? Umeona nini mahali pake? Nitawaonyesha herufi?" Akamgeukia mwenyekiti. Akasema anasikitika, anaweza kuandika kwamba vitu vya kale vipo, ila hawezi kusema mahali penyewe ni pa nini, na bila hilo hawezi kuomba kisiwa kilindwe. Yule tajiri, aliyekuja na viatu vyake vyeupe, alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshinda.

Kisha Dada Rehema akauliza swali la mwisho, ni wazi hakuwa na matumaini nalo. "Mwalimu, hakuna hata sehemu moja ambayo hamkuifagia?"

"Hakuna," Mwalimu akasema. Hata katika majonzi yale fahari ilimponyoka. "Nimekagua mwenyewe. Eneo moja moja."

Wenzangu, mmewahi kusikia masikio yenu yakipata moto? Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilipiga hesabu haraka kuliko nilivyowahi kupiga darasani. Nikisema, nachapwa, hilo halina mjadala. Zaidi ya hilo, namfanya Mwalimu Ambakisye kuwa mwongo mbele ya chuo kikuu, mbele ya mwenyekiti, mbele ya tajiri, na huyo ndiye anayesahihisha karatasi zangu mpaka darasa la saba. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Mipera itakatwa Jumatatu. Na Bibi atabaki kuwa yule mama aliyechekwa mkutanoni mpaka anaingia kaburini. Nikamtazama. Alikuwa anafunga tena kifuniko cha maziwa ambayo hakuna aliyeyanywa.

Nikanyoosha kidole, kama darasani. Hata siku ile sikuthubutu kusema bila ruhusa.

"Bupe, siyo wakati wa kwenda chooni," Mwalimu akasema.

"Siyo choo, mwalimu. Eneo langu sikulifagia."

Nikamwona Atupele akifumba macho kwa niaba yangu. Mwalimu akatazama daftari lake kana kwamba ndilo lililosema. Lakini kabla hajapata neno, Dada Rehema alikuwa ameshanishika mkono na tunakimbia, yeye na suruali yake, mimi na sketi yangu, na kijiji kizima nyuma yetu, kuelekea mkiani mwa kisiwa.

Tuliondoa majani ya mgomba. Chini yake vigae vilikuwa vimelala vile vile, vichafu, vizuri. Mavi ya chuma yalikuwa yametapakaa kama yalivyomwagwa. Dada Rehema alilala kifudifudi kwenye nyasi zinazowasha, akaanza kukwangua udongo kwa mwiko wa mwashi na kupuliza kwa mdomo, siku ile mpaka mvua ikamfukuza, na siku ya pili kutwa. Udongo ukageuka mwekundu, umeungua, duara kamili. Na pembeni ya duara, mdomo wake ukielekea pale moto ulipokuwa, kulikuwa na bomba fupi la udongo, nene kama mkono wangu, halijaguswa na mtu.

"Hapo ndipo walipokuwa wanapulizia moto kwa mivukuto," Bibi akasema kutoka juu ya vichwa vyetu. Hakusema kwa kushangaa.

Dada Rehema akainua uso wake wenye matope. "Bibi, naomba unisimulie tangu mwanzo. Nitaandika neno kwa neno." Bibi akaomba kwanza apewe kiti. Kikaletwa kutoka ofisini, kile cha mwalimu mkuu, kikavushwa gogo kichwani. Akakaa, akatengeneza kitenge, akasimulia, na kila akifika mahali pazuri aliuliza, "Umeandika?" Wale waliocheka mkutanoni walisimama wote pale wakisikiliza, na mwenyekiti ndiye aliyemimina maziwa.

Yule kijana mpole alihitaji kuchora ramani, na kwa mshangao wake alikuta kisiwa kimeshapimwa. Vigingi vya Mwalimu Ambakisye vilikuwa vimenyooka kuliko vyake. Aliutumia mpango ule ule, na majina yale yale. Ramani ilipotufikia kwa posta, mwaka uliofuata, ilikuwa na eneo la Atupele, eneo la Lugano, na katika mkia, lenye duara dogo na mshale, eneo la Bupe. Tajiri alijenga baa yake kando ya barabara, ambako kwa kweli ilipata wateja wengi zaidi, na hakutuchukia.

Wageni walipoondoka tuliitwa paredi. Mwalimu Ambakisye alinipandisha juu ya jiwe, akanikabidhi zawadi aliyoiacha Dada Rehema, daftari kubwa lenye gamba gumu na kalamu ya rangi nne, na shule yote ikapiga makofi. Kisha kwa mkono ule ule akanichapa viboko viwili. Kimoja cha uvivu, akasema, na kimoja cha kuficha. Shule ikapiga makofi tena. Nilirudi mstarini nikiwa shujaa ambaye hawezi kukaa.

Hivi karibuni nilikwenda nyumbani kutoka Dar na wanangu. Kisiwa kipo. Mipera imezeeka, imezaa mingine. Watoto walivuka gogo, sasa ni daraja la mbao, wakapiga picha na midomo wameichongoa, wakauliza kama kuna mtandao. Wakubwa hawa hawajawahi kushika ufagio shuleni. Kuna mtu analipwa. Niliwaonyesha eneo langu. Mdogo akauliza nilipewa alama ngapi.

Njiani tukapita soko la Mpuguso, na pale, nyuma ya miche ya parachichi iliyopangwa mistari iliyonyooka sana, nikamwona. Amezeeka, amepungua, lakini mkunjo wa suruali uko pale pale.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Bupe, mwalimu."

Akaweka chini mche aliokuwa ameushika. Hakuniuliza habari za Dar, wala watoto, wala kazi. "Bupe," akasema, "siku ile ilinyesha. Mimi sikuvuka mto. Nilikaa kwenye mgahawa nikanywa chai, nikaweka vema maeneo yote. Sikukagua hata moja." Akapangusa udongo vidoleni. "Vile viboko viwili, kimoja kilikuwa changu. Nisamehe, mwanangu."

Nilicheka, kisha nikaona siwezi kuendelea kucheka, machozi yakanitoka pale pale sokoni, wanangu wakashangaa. Nilinunua miche mitano na sina shamba.

Siku hizi mwalimu akimgusa mtoto, mzazi anafika shuleni na wakili, na sitaki turudi kule, makalio yangu bado yanakumbuka. Shule za wanangu ni nzuri, zina vigae sakafuni, vile vya dukani, na walimu wanaobadilishwa kila mwaka hata majina yao hatuwahi kuyashika. Ila nilipokuwa naendesha gari kurudi mjini nilijiuliza jambo moja mpaka tukafika. Wanangu hawa, watakapokuwa na mvi, nani atawangoja sokoni miaka yote hiyo akibeba moyoni kosa dogo alilowatendea, akikumbuka ilikuwa siku ya mvua, akikumbuka eneo lilikuwa la nani?